Joto la Kambini: Mwongozo wa Kulala Salama kwa Wahudumu wa Mlima Kilimanjaro

Kazi ya mlimani haiishii pale mzigo unapotuliwa kambini. Kilimanjaro uko nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo usiku wake una takriban saa kumi na mbili mwaka mzima, na saa hizo ni sehemu ya kazi kama ilivyo saa ya kupanda Ukuta wa Barranco. Mpagazi asiyelala hana nguvu ya kubeba salama kesho yake. Mwongozaji aliyetetemeka tangu saa mbili usiku hana akili iliyotulia msafara unapoondoka kambi ya Barafu saa sita usiku kuelekea kilele cha Uhuru. Hivyo joto la kambini linastahili kupangwa kwa umakini uleule unaotumika kupanga chakula, vibali vya hifadhi na mitungi ya oksijeni. Wageni hupangiwa hivyo tayari. Mwongozo huu unawahusu zaidi wanaolala katika mahema mengine: wapagazi, wapishi, wahudumu wa meza na waongozaji.

Kanuni ya kwanza ni kwamba joto linalomlinda mtu aliyelala hutoka mwilini mwake mwenyewe. Hema halizalishi joto, wala begi la kulalia, wala jaketi. Kazi yake ni kulizuia lile lililopo lisipotee. Chakula ndicho kinacholizalisha. Upotevu hutokea kwa njia nne: kwa kugusana na kitu cha baridi, hasa ardhi, kwa upepo, kwa unyevu unaokauka juu ya ngozi, na kwa joto kupaa kuelekea anga tupu, jambo linalosikika wazi katika usiku usio na wingu wa Juni hadi Agosti. Mhudumu anayeielewa kanuni hii hakimbilii moto anaposikia baridi. Hujiuliza kwanza joto lake linapotelea wapi.

Kwa kila mita 1,000 za kupanda, hewa hupoa kwa nyuzi joto 6.5 hivi. Kutoka mjini Moshi hadi kambi ya Barafu, iliyo kwenye mita zipatazo 4,670, tofauti inakaribia nyuzi 25. Usiku ambao Moshi ina nyuzi 18, Barafu huweza kuwa chini ya sifuri kwa nyuzi 6 au 7, kabla upepo haujahesabiwa. Hata hivyo, wengi hukosea wanapodhani kuwa hatari huanza panapoanza barafu. Mwili uliolowa hupoteza joto kwa kasi kubwa mno kuliko mwili mkavu, na mvua ya masika, kati ya Machi na Mei, huwalowesha wapagazi wakiwa bado msituni. Wakifika kambi ya Shira jioni, nguo zikiwa zimeshikana na mwili na upepo ukivuma juu ya uwanda, hali yao huwa mbaya kuliko ya mtu mkavu aliye Barafu. Wenzao wa Rwenzori, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima, hulala kwenye mwinuko wa chini zaidi na bado hupambana na baridi ileile.

Kwa hiyo maandalizi ya usiku huanza asubuhi, wakati wa kufunga mizigo. Seti moja ya nguo za kulalia, yaani suruali na fulana za ndani, soksi nzito na kofia, ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, na isivaliwe njiani kwa sababu yoyote ile. Kishawishi cha kuivunja kanuni hiyo ni kikubwa mvua inaponyesha mchana, lakini nguo kavu iliyovaliwa mvuani huacha kuwa na thamani ndani ya nusu saa, na usiku wote unabaki bila kinga. Katika ununuzi wa mitumba, pale soko la Memorial au kwingineko, sufu na flisi zipewe kipaumbele. Pamba hunyonya maji na kukaa nayo. Jinzi na fulana za pamba ni nguo za mjini. Kiwango cha mwendo nacho ni sehemu ya maandalizi. Mpagazi anayekimbiza mzigo ili awahi nafasi nzuri ya hema hufika akiwa amelowa jasho, na jasho hilo humgeuka mara anapoacha kutembea. Avae jaketi anapofika tu, kabla mwili haujapoa, kisha asimamishe hema, kisha abadilishe nguo.

Ardhi ndiyo adui anayesahauliwa. Begi la kulalia hukinga kwa hewa iliyonaswa ndani ya nyuzi zake, na sehemu inayolaliwa hubanwa ikabaki bapa, karibu bila hewa. Ndiyo maana mtu mwenye mablanketi mawili juu na turubai tupu chini hutetemeka, wakati mwenye blanketi moja juu na magodoro mawili membamba ya sponji chini hulala. Mahali godoro la pili halipo, viroba vikavu na mabegi matupu yatandazwe chini ya lile la kwanza. Suala hili lina uhusiano wa moja kwa moja na mazoea ya kuwalaza wapagazi kwenye hema la kulia chakula. Hema hilo mara nyingi halina sakafu, upepo hupita chini ya kingo zake, na wanaolala humo hulazimika kusubiri nje hadi wageni wamalize kula. Saa mbili za kusimama nje baada ya siku ya kubeba huondoa joto ambalo begi la kulalia haliwezi kulirudisha. Kampuni inayopanga safari kwa utaratibu huo haijabana matumizi; imehamisha gharama kwenye mwili wa mfanyakazi.

Chakula cha jioni kiliwe cha moto na cha kutosha, karibu na muda wa kulala. Ugali, wali, viazi na uji hutoa nguvu kwa haraka. Mafuta na karanga huidumisha hadi usiku wa manane. Kutetemeka ni kazi nzito ya misuli inayotumia sukari nyingi, na mtu aliyelala na njaa huishiwa nguvu ya kutetemeka mapema. Pombe kali isiwe na nafasi kambini. Hupanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, ikampa mnywaji hisia ya joto huku joto lenyewe likitoka nje, tena humwondolea uangalifu wa kutambua kwamba anapoa. Kinachofaa zaidi ni maji ya moto katika chupa ngumu yenye kifuniko kinachobana, ikafungwa ndani ya soksi na kuwekwa kati ya mapaja au tumboni ndani ya begi la kulalia. Asubuhi maji hayo hunywewa. Pua na mdomo vibaki nje ya begi, kwa kuwa pumzi hulowesha nyuzi kutoka ndani. Haja ndogo isizuiliwe kwa kuogopa kutoka. Kutoka mara moja ni afadhali kuliko kukesha.

Hatari inayohitaji maneno mengi zaidi ni ile ya jiko ndani ya hema, kwa kuwa huua watu waliokuwa wakijaribu kujitunza. Moto wowote usiopata hewa ya kutosha, uwe wa gesi, mafuta ya taa au mkaa, hutoa kaboni monoksidi. Gesi hiyo haina rangi, harufu wala ladha. Ikivutwa hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na hivyo huinyima damu nafasi ya kuibeba oksijeni. Mkaa ndio mbaya kuliko vyote, kwa sababu ukishaiva hauna moshi wa kumtahadharisha mtu. Makaa mekundu yaliyofunikwa na majivu huendelea kutoa sumu kwa saa nyingi. Familia katika miji ya baridi, kama Njombe na Limuru, zinaijua hatari hii kutokana na majiko yanayoingizwa chumbani usiku. Mlimani tatizo huongezeka, kwani kwenye mwinuko wa kambi za Kibo au Barafu kila pumzi ina oksijeni inayozidi kidogo tu nusu ya ile ya pwani. Mwili ulioanza usiku ukiwa na upungufu hauna akiba ya kupoteza.

Uzoefu haumlindi mtu dhidi ya gesi hii. Mwaka 1934 Richard Byrd wa Marekani, mmoja wa wavumbuzi mashuhuri wa maeneo ya ncha za dunia wa wakati wake, alikaa peke yake katika kituo cha kupima hali ya hewa huko Antaktika, na nusura afe kwa moshi wa jiko na jenereta uliokuwa ukijikusanya chumbani mwake. Aliugua kwa majuma mengi. Kama mtu wa aina hiyo alinaswa, hakuna mpishi wala mpagazi wa kuambiwa kwamba miaka yake mlimani inamtosha.

Kanuni ya utendaji ni fupi: katika hema wanamolala watu, hakuna moto. Katika hema la jiko, kupikwe milango ikiwa wazi pande mbili, hata upepo ukiwa mkali, na jiko lisibaki likiwaka kwa nia ya kupasha hewa. Asiyepika asigeuze hema la jiko kuwa mahali pa kuota moto, na asiwepo anayelala humo wakati jiko linawaka. Matundu ya juu ya mahema yasizibwe kwa nguo au turubai. Hewa inayoingia huleta baridi kidogo, lakini hutoa nje unyevu wa pumzi ambao ungeganda kwenye kuta na kudondokea mabegi alfajiri. Kwa hiyo hema lenye tundu wazi ni kavu, na lililo kavu huishia kuwa na joto zaidi.

Ugumu mkubwa kwa waongozaji ni kwamba dalili za sumu hii hufanana na za ugonjwa wa mwinuko: kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, uchovu, kuchanganyikiwa. Mwongozaji anayekuta mpagazi ana maumivu ya kichwa kwenye kambi ya Karanga hufikiri mwinuko kwanza, na mara nyingi huwa sahihi. Yapo mambo yanayopaswa kumzindua. Watu wawili au watatu wa hema moja wakiumwa kichwa kwa pamoja, huku wa hema la jirani wakiwa wazima, chanzo kitafutwe ndani ya hema. Mgonjwa akipata nafuu ndani ya muda mfupi baada ya kutolewa nje, bila kushuka hata mita moja, shaka iongezeke. Kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni hakisaidii hapa, bali hupotosha: husoma damu iliyobeba kaboni monoksidi kana kwamba imebeba oksijeni, na kuonyesha namba nzuri kwa mtu anayekufa. Hili linapaswa kufundishwa katika kila mafunzo ya waongozaji, kwa sababu imani yao kwa kifaa hicho ni kubwa.

Mtu anayeshukiwa kuvuta gesi atolewe nje mara moja, jiko lizimwe na anayeliendea, kama hali inaruhusu, awe amevuta pumzi nje. Mgonjwa afunikwe, apewe oksijeni ya mtungi kwa kiwango cha juu kinachopatikana, na maandalizi ya kumshusha yaanze bila kungoja asubuhi. Katika hewa ya kawaida sumu hupungua kwa nusu katika saa nne au tano hivi; kwa oksijeni kamili muda huo hushuka hadi karibu saa moja na nusu. Mtungi wa oksijeni ulionunuliwa kwa ajili ya mgeni ni wa mpagazi pia. Mgonjwa aliyepoteza fahamu hata kwa dakika chache apelekwe hospitali, hata kama anasema amepona.

Moto una hatari nyingine zisizohitaji maelezo marefu. Kitambaa cha hema huyeyuka na kuwaka kwa sekunde chache. Mtungi wa gesi ulioshindwa kuwaka vizuri kwa baridi ya asubuhi usipashwe kwa moto wala kwa jiko jingine. Aina ya butani huacha kugeuka kuwa mvuke inapokaribia sifuri, na dawa yake ni kuuinua mtungi kutoka ardhini, kuukinga na upepo na kuuhifadhi mahali pasipofika umande wa usiku. Kuwasha kuni na moto wa wazi ni marufuku ndani ya hifadhi, na sababu yake imeonekana. Moto mkubwa wa Oktoba 2020 ulianzia eneo la Whona, na maelezo ya awali ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, yalitaja moto uliowashwa kupashia chakula cha wapagazi. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2022, mwingine ulizuka karibu na kambi ya Karanga. Mlima huo ndio ajira ya wote wanaosoma mwongozo huu.

Pamoja na tahadhari zote, wapo watakaopoa. Joto la mwili linaposhuka chini ya nyuzi 35, mtu ameingia katika haipothemia. Hatua ya mwanzo huonekana kwa kutetemeka, vidole kushindwa kufunga zipu, kujikwaa na kusema maneno ya kukokota. Wapagazi hutaniana kwa dalili hizi, na utani huo umechelewesha msaada mara nyingi. Dalili ya kuogofya zaidi ni kutetemeka kunapokoma bila mtu kupata joto, hali inayotokea mwili unaposhuka kuelekea nyuzi 30. Mgonjwa wa hatua hiyo hutulia, husinzia, pengine husema hasikii tena baridi na kutaka kuvua nguo. Asiaminiwe.

Mgonjwa wa hatua ya mwanzo aingizwe hemani, avuliwe kila kilicholowa, avishwe nguo kavu na kutengwa na ardhi kwa magodoro zaidi ya moja. Kama yuko macho na anameza vizuri, apewe chai yenye sukari nyingi. Chupa za maji ya moto zilizofungwa kwenye kitambaa ziwekwe makwapani, kifuani na kwenye nyonga. Si mikononi wala miguuni. Mikono na miguu isisuguliwe. Aliyeacha kutetemeka au anayepotewa na fahamu asitembezwe na asinyweshwe kitu. Abebwe akiwa amelala, kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa moyo uliopoa huweza kuvurugika kwa mtikisiko tu. Vidole vilivyogeuka vyeupe na vigumu visisuguliwe wala kukaribishwa kwenye moto, maana havisikii kuungua. Huyeyushwa katika maji ya uvuguvugu ya nyuzi 37 hadi 39, na pale tu ambapo hakuna uwezekano wa kuganda tena; mara nyingi uamuzi sahihi ni kuvifunga vikavu na kushuka.

Wajibu wa haya yote umegawanyika, lakini haujagawanyika sawa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuweka mazingira salama ya kazi, na kambi ni mahali pa kazi. Hema lenye sakafu, godoro, nafasi ya kulala isiyo ya kubanana na chakula kamili cha jioni si hisani ya kampuni. Mpagazi naye ana wajibu wa kufika getini na nguo zinazofaa na kusema ukweli anapoulizwa hali yake. Kwa asiye na uwezo wa kununua, ipo njia: KPAP, mradi wa kuwasaidia wapagazi uliopo Moshi tangu 2003, huazimisha nguo za mlimani bila malipo. Kuazima hakumshushii mtu hadhi. Kinachomshushia hadhi mwongozaji ni kumpitisha getini mpagazi mwenye raba zilizotoboka kwa sababu mikono ilikuwa pungufu.

Hapo ndipo ulipo uzito wa mwongozaji mkuu. Ukaguzi wa vifaa vya wapagazi ufanyike siku moja kabla ya safari, wakati bado kuna muda wa kurekebisha, na uhusishe kuona kwa macho begi la kulalia, godoro na nguo kavu. Mpagazi anayekosa vifaa asipandishwe hadi avipate, na asikatwe malipo kwa kuutaja upungufu huo. Kambini, mwongozaji au msaidizi wake azungukie mahema ya wahudumu kabla ya kulala, kama anavyozungukia ya wageni, akiuliza maswali yanayohitaji jibu refu. Swali la "mko poa?" hujibiwa "poa" hata na mtu anayeganda.

Kila tukio la kupoa, kuvuta gesi au kuungua liandikwe siku hiyohiyo: jina la mhusika, kambi, saa, dalili, hatua zilizochukuliwa na mashahidi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi uliundwa chini ya sheria ya mwaka 2008 kwa ajili ya wanaoumia au kuugua kutokana na kazi, na mfanyakazi anayedai bila kumbukumbu huanza akiwa amekwama. Orodha ya vifaa ifuate utaratibu huohuo safari inapoisha. Hema lenye zipu iliyoharibika, godoro lililopasuka na jiko linalotoa mwali wa njano badala ya bluu vitengwe stoo vikiwa na kibandiko cha kasoro, na visitolewe kwa msafara mwingine hadi fundi aweke sahihi kwamba vimetengenezwa.